Baharia wa Vita Aliyefia Kitandani

Hitima ilikwisha kabla ya adhuhuri. Sahani zimeshaondoshwa, wanaume wamebaki barazani na vikombe vya kahawa, ndipo shangazi akatoka ndani na mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu pembeni.

"Vitu vya babu yenu hivi," akasema. "Mimi Kizungu sijui. Tazameni nyinyi mliokwenda skuli."

Mlikuwa na beji ya fedha, ndogo kama kifungo cha koti, yenye taji juu, kamba imezunguka ukingoni, na katikati herufi mbili, M na N. Mlikuwa na nishani tatu, mbili za umbo la nyota, zote hazina jina la mtu. Na chini kabisa kitabu cha jalada gumu, karatasi zimeshika rangi ya chai, kila ukurasa una mistari na mihuri.

Binamu yangu mdogo akasema ndiyo hayo, babu alikuwa askari wa Mwingereza, na yeye ameshalitafuta jina lake katika orodha za KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, asilione. Ami akaweka kikombe chini.

"Askari gani huyo asiyeshika bunduki, mwanangu? Babu yako alishika beleshi. Alikuwa akitia makaa."

Ami alisema kweli, na binamu naye hakukosea sana. Babu alikwenda vitani, akarudi na nishani za vita, na hakuwa askari. Fundo lote liko hapo. Ndilo linalowafanya wajukuu wa mabaharia wa namna ile wawatafute pasipo, kisha waseme Mwingereza kawafuta.

Baharia wa meli ya biashara hakula kiapo cha jeshi. Alisaini mkataba wa kazi wa meli, safari kwa safari au kwa muda, kama walivyosaini wenziwe kabla ya vita. Uingereza ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia tarehe 3 Septemba 1939 meli ilikuwa ileile na moto wa kuchochea uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa serikali ya Uingereza ndiyo iliyoamua meli ibebe nini na ielekee wapi, na kwamba njiani mlikuwa na nyambizi. Athenia, meli ya abiria, ilipigwa siku hiyohiyo ya kwanza. Kwa ajili yake Waingereza leo huwakumbuka mabaharia wao wa biashara kila tarehe 3 Septemba, si Novemba peke yake pamoja na majeshi.

Kwa kuwa hawakuwa na sare, walipokuwa mitaani kati ya safari na safari walitazamwa kama vijana wanaokwepa vita. Beji ile ya M na N, herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la mabaharia wa biashara, ilianza kutolewa mwaka 1940 kwa sababu hiyo: mtu aichomeke kwenye koti lake la kiraia, watu wamwache apite. Askari alipewa buti, bunduki na nambari. Baharia alipewa kifungo.

Bendera yao ilikuwa nyekundu, na ile ya Uingereza kwenye kona ya juu. Nakumbuka babu akisema hakuona ajabu, kwani hata kwao bendera ilikuwa nyekundu, ya Sultani, tena tupu bila ya kona ya mtu.

Kuna neno moja utalisikia kila panapozungumzwa mabaharia hawa: meli ikizama saa nne usiku, mshahara unakatika saa nne usiku. Lina ukweli ndani yake, ila halijakamilika. Mkataba kweli ulikufa pamoja na meli. Sheria ya Uingereza ya 1925 ilimpa baharia aliyepoteza kazi kwa namna hiyo malipo ya siku alizokaa bure, yasizidi miezi 2. Mei 1941 likaja agizo lililowaweka mabaharia katika orodha moja ya akiba, wakalipwa hata wakiwa nchi kavu wakingoja meli nyengine. Lakini agizo lile lilitungwa kwa ajili ya mabaharia wa bandari za Uingereza. Aliyesainishwa Bombay alikuwa na mkataba mwengine kabisa, na tofauti hiyo haikuishia kwenye mshahara. Ilimfuata mtu mpaka kwenye jiwe la kaburi, kama alilipata.

Watu wa mwambao wetu walianza kazi hii zamani. Karne ya 19, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikifukuza majahazi ya watumwa ziliajiri vijana Unguja wa kupiga makasia na kuchochea moto. Waingereza waliwaita sidi. Baadaye ikaja kampuni ya British India, iliyounganisha Bombay na mwambao wa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwa kituo cha njiani. Ndani ya meli zile lugha ya kazi ilikuwa nusu Kihindi: serahangi ndiye mkuu wa kundi, kalasi ni baharia wa kawaida, na maneno yote mawili tumeyachukua yakawa yetu.

Mtia makaa alishuka zamu ya masaa 4, akapanda juu kupumzika masaa 8, akashuka tena. Chini kule ni tanuri, rundo la makaa, beleshi, na ndoo ya maji ya kunywa. Mlango wa tanuri ukifunguliwa uso unawaka. Ukifungwa, jasho linapoa mgongoni. Makaa hayarushwi tu, hutandazwa, yasirundikane upande mmoja moto ukafa. Na sehemu hiyo yote iko chini ya usawa wa maji. Topido lilipolenga penye mitambo, lililenga walipo wao, na ngazi ya kupandia ilikuwa moja au mbili. Babu mpaka uzeeni hakulala chumba chenye mlango uliofungwa. Sisi tukidhani ni joto.

Sasa mikataba. Katika meli moja maofisa waliweza kuwa chini ya mkataba wa Uingereza, na mabaharia wa sitaha na wa moto chini ya mkataba wa Kiasia, wenye mshahara wa robo hivi ya ule wa Mwingereza na nafasi ndogo zaidi ya kulala. Mabaharia wa Kihindi waligoma katika bandari kadhaa vita vilipoanza mwaka 1939, wakaongezewa, lakini pengo halikuzibika. Mtu wa Unguja au Pemba aliweza kuangukia upande wowote, kulingana na bandari aliyosainia. Akisaini Bombay, basi huyo ni wa mkataba wa Kiasia. Akishuka Cardiff akasaini huko, aliweza kupata mkataba wa Uingereza, ila hapo napo pana mtego: Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani chini ya himaya ya Mwingereza tangu 1890, si koloni, kwa hiyo mtu wake hakuhesabiwa raia wa Uingereza bali mtu anayelindwa nayo. Amri ya 1925 ya mabaharia wageni weusi iliwataka wasio na hati za kuthibitisha uraia wajiandikishe polisi kama wageni. Bendera ileile iliyomhitaji melini ilimtilia shaka gatini.

Kisha vita vikaja kwenye maji yetu. Wazee wa Zanzibar wakisema "wakati wa vita" mara nyingi wanakusudia mchele. Burma ilipotwaliwa na Wajapani mwaka 1942 mchele ulioletwa kutoka huko ulikatika, watu wakarudi kwenye muhogo. Aprili mwaka huo manowari za Uingereza zilizokuwa Ceylon zilihamia Kilindini, na Juni na Julai nyambizi za Kijapani zikazamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji.

Meli mbili zinatosha kuonesha jinsi kumbukumbu inavyogawanyika.

Ya kwanza ni Tilawa ya British India. Ilitoka Bombay Novemba 1942 ikielekea Mombasa, Maputo na Durban, na watu 958 ndani. Usiku wa kuamkia tarehe 23 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-29. Haikuzama papo hapo. Baadhi ya waliokwishashuka kwenye maboti walirudi melini, na topido la pili likawakuta. Waliookolewa ni watu 678, wengi wao na manowari Birmingham siku mbili baadaye. Walikufa 280: abiria 252 na mabaharia 28. Tazama sasa mgawanyo. Mabaharia 28 wanastahili kuandikwa katika kumbukumbu rasmi za vita, kwa kuwa walikufa kazini kwa mkono wa adui. Abiria 252, wengi wao wafanyabiashara na jamaa zao waliokuwa wakija kwetu, hawana nafasi katika orodha hiyo, ingawa maji yaliyowachukua ni mamoja.

Ya pili ni Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, ilipigwa na I-27 ikazama katika muda usiofika dakika 3. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Wale wapiga mizinga majina yao yapo Nairobi, katika makaburi ya vita. Wanajeshi wa majini wapo kwenye minara yao Uingereza. Na wafanyakazi wa meli wakaenda kwenye kuta za mabaharia. Mtu anayesimama Nairobi akisoma majina hawezi kujua kwamba aliyekuwa akichochea moto wa meli ileile yuko ukuta mwengine, bara jengine.

Kuta hizo za mabaharia ni zipi? Kubwa iko London, Tower Hill, karibu na mto Thames. Ina majina ya mabaharia wa biashara na wavuvi wasio na kaburi, kama 12,000 wa vita vya kwanza na karibu 24,000 wa vita vya pili, yamepangwa kwa meli: jina la meli kwanza, watu wake chini yake. Mabaharia wa mikataba ya Kihindi wamewekwa kando, Bombay na Chittagong, na huko hakuna ukuta wa majina. Kuna kitabu, nakala moja kila mji, chenye karibu mabaharia 6,000 wa meli za biashara. Mpangilio huu haukutazama mtu alikufa wapi. Ulitazama alisaini nini.

Na kuna sharti ambalo sijawahi kulisikia likielezwa barazani, nalo ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Askari aliyekufa akiwa jeshini katika muda wa vita, hata kwa malaria akiwa kambini, ana haki ya kaburi la vita na jina. Baharia wa biashara si hivyo. Yeye lazima kifo chake kitokane na vita vyenyewe. Aliyekufa kwa malaria hospitali ya Calcutta baada ya miaka mitatu ya kupishana na nyambizi, kwa kanuni hiyo ni raia aliyekufa kwa maradhi. Hakuna aliyemfuta, hakuwahi kuandikwa.

Sisemi kwamba walioandika wameandika vyema. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba katika vita vya kwanza watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia wengi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, imesimama kwa ajili ya maelfu na haina hata jina moja. Wakati huohuo ukipanda boti kwenda Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, utakuta makaburi ya mabaharia wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, yametunzwa, yanasomeka.

Lakini babu yetu hakuwa kokote humo, na hata tume ingekuwa na insafu ya malaika asingekuwemo, kwa sababu alifia kitandani kwake, mzee, na wanawe wamemzunguka. Kuta ni za waliokufa vitani. Aliyerudi hana ukuta. Alichonacho ni karatasi, na karatasi zina njia yake ya kufunguka.

Wengi huanza na jina. Jina ndicho kitu dhaifu kuliko vyote. Mtu wetu huitwa fulani bin fulani, hana jina la ukoo la kuwekwa mwisho, na karani wa meli alitaka la mwisho. Akachukua jina la baba akalifanya la mtu, au akageuza. Khamis akawa Hamis, Juma akaongezwa herufi, Ali akaandikwa kwa namna nne. Mtu wa Wete akiulizwa kazaliwa wapi alijibu Zanzibar, kwani karani Pemba haijui. Na mtu wa Lamu au wa Ngazija naye, kwa sababu zake, huenda alijibu Zanzibar vilevile. Wengine walitia dole gumba badala ya saini, kwa hiyo hata mwandiko wao hautusaidii.

Meli haina shida hiyo. Kila meli iliyosajiliwa Uingereza ilikuwa na nambari rasmi yake, na nambari hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa ikapewa jina jipya. Nambari hiyo imeandikwa ndani ya kitabu cha baharia, kando ya jina la meli. Tulifungua cha babu: safu ya kwanza meli na nambari yake, kisha tarehe na mahali pa kusaini, tarehe na mahali pa kushuka, cheo, na mwisho mihuri miwili ya herufi V na G, mmoja wa kazi na mmoja wa tabia, maana yake vizuri sana. Babu alikuwa na V na G mpaka ukurasa wa mwisho. Bibi, Mungu amrehemu, angekuwa na la kusema juu ya ule wa tabia.

Katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyopo Kew, orodha za wafanyakazi wa meli za wakati wa vita vya pili zimewekwa chini ya alama BT 381, na zimepangwa kwa nambari hiyo ya meli, si kwa majina ya watu. Mwenye nambari anafika. Kadi za mienendo ya meli ziko BT 389, zinaonesha meli ilipita bandari gani na lini. Nishani nazo zina njia yake: baharia hakuletewa nyumbani, ilibidi adai, na waliodai kati ya 1946 na 2002 wako BT 395. Kwamba zile nyota hazina jina si dalili ya wizi wala ya kununuliwa sokoni; za mabaharia wa biashara zilitolewa hivyo, bila ya jina. Huku kwetu Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimehifadhi makaratasi ya serikali ya himaya, na huko mtu anaweza kutafuta upande wa pili, wa bandari alikotoka.

Dini ilikuwa na majibu yake kabla ya karatasi hizi zote. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba aliyezama yumo katika mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo na aliyeangukiwa na jengo. Ni shahidi wa akhera: akipatikana huoshwa, hukafiniwa na husaliwa kama maiti mwengine. Asipopatikana, madhehebu yetu ya Shafii yanaruhusu kumsalia swala ya ghaibu. Kigumu ni kwa waliobaki. Mtu asiyejulikana yu hai au amekufa ni mafkudi. Mali yake haigawiwi na mkewe hatoki katika ndoa mpaka ipatikane yakini au kadhi ahukumu. Barua ya kampuni ndiyo iliyokuwa yakini, na barua wakati wa vita ilichukua muda. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Mwanamke aliyepata barua baada ya miezi 6 aliambiwa kwa wakati mmoja kwamba ni mjane na kwamba eda yake imekwisha. Alikuwa akipika, akiteka maji, akivaa rangi, na huko nyuma, bila ya kujua, alikuwa edani.

Shangazi aliposikia habari ya orodha za Kew akauliza zina majina ya nani. Tukamwambia ya wote waliosaini safari ile, kuanzia nahodha mpaka mpishi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kila Shaaban babu alisomesha hitima mbili, moja ya wazee wake na moja ya watu aliowaita "wenzangu wa chini", wala hakuwataja kwa majina. Maalim akiuliza asomewe nani, babu alijibu wasomewe tu, Mungu anawajua.

Kitabuni mna meli moja ambayo babu alisaini asiandikiwe tarehe ya kushuka. Mstari umebaki wazi, na meli inayofuata inaanza miezi mitano baadaye, bandari nyengine. Binamu alichukua kalamu, akanakili jina la meli ile na nambari yake nyuma ya karatasi ya hitima, akamsomea shangazi tarakimu moja moja. Shangazi akamtaka azirudie, taratibu.